Blanketi ya mtoto mchanga: namna ya kutia mgongo wa manyoya



Katika jarida la muhula uliopita tulijifunza kukata vipande vya vikwembe na kuviunganisha mpaka vinakuwa uso wa blanketi ya mtoto. Wale waliofuata hesabu wanakumbuka: kila kipande sentimetre 12 kwa 12, mshono sentimetre 1 kila upande, kwa hiyo kinabaki 10 kwa 10. Vipande 9 kwa upana, 11 kwa urefu, jumla 99, na uso unatoka sentimetre 90 kwa 110. Nyuso nne ziko tayari ndani ya kabati ya chumba cha ushonaji.

Basi hapa ndipo watu wengi wanachoka. Uso uko na rangi, kila anayepita anausifu, na mshonaji anafikiri kazi imekwisha. Anatafuta kitambaa chochote, anakishonea nyuma upesi upesi, anasema tayari. Lakini mtoto hana habari na rangi za uso. Mgongo wa blanketi ndio unaomgusa shavu na miguu. Ule upande ambao wageni hawautazami ndio upande wake yeye. Kwa hiyo somo hili ni refu kidogo, na ninaomba mulisome lote mbele ya kushika makasi.

KITAMBAA CHENYEWE

Wengi wamechagua kitambaa cha manyoya mafupi, kile laini kinachofanana na mwana-paka. Sokoni kinauzwa kwa metre, lakini mara nyingi tunakipata katika marobota ya nguo zilizokwisha kuvaliwa: blanketi za watoto kutoka Ulaya, nguo za kulalia, hata pazia. Hakuna aibu kutumia kitambaa kilichovaliwa, bora kiwe kizima. Kishike mbele ya mwanga. Ukiona fasi ambapo manyoya yamekwisha na wavu wa chini unaonekana, hapo usikate.

Geuza sasa kitambaa hiki, tazama nyuma yake. Utaona kimefumwa kwa vitanzi, kama fulana au kama triko, halafu manyoya yamesimama juu yake. Kikwembe hakifanywi hivi. Kikwembe kina nyuzi za kusimama na nyuzi za kulala, zinapishana na kukazana, ndiyo maana ukikivuta hakifuati mkono. Kitambaa cha manyoya kinafuata mkono, zaidi kwa upana. Kwa hiyo unataka kuoza watu wawili wenye tabia mbalimbali: mmoja mgumu, mwingine anayenyumbuka. Ukiwashona pamoja bila akili, yule mgumu atabaki vile alivyo na yule mwingine atajikunja.

Tabia ya pili: kinateleza. Yale manyoya yanafanya kama miguu midogo mingi. Weka kikwembe juu yake, sukuma kidogo, utaona kinatembea chenyewe. Unaanza mshono pembe kwa pembe, unafika mwisho unakuta kitambaa kimoja kimempita mwenzake sentimetre tatu.

Tabia ya tatu: kinaogopa moto. Karibu kila mara manyoya haya ni poliesta. Wanafunzi wa kemia watafurahi kujua kwamba poliesta hii ilipatikana Uingereza mwaka 1941 na wataalamu wawili, Whinfield na Dickson, na kwamba inatoka katika mafuta ya petroli, si katika mumea wala mnyama. Inayeyuka karibu na digri 260. Lakini mbele ya kuyeyuka, manyoya yanalala, yanang’aa, na hayasimami tena kamwe.

Kama hujui kitambaa chako ni nini, chomoa nyuzi chache, zishike na koleo ndogo, nenda inje, mbali na nguo, ziwashe na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na kuacha tone gumu jeusi. Lile tone usiliguse likiwa moto, linashika ngozi. Na tangu hapo mutafahamu kwa nini blanketi ya namna hii haitakiwi karibu na mbabula.

MBELE YA KUSHONA

Kwanza maji. Kikwembe ni pamba, na pamba inakauka ikiwa imepungua. Poliesta haipungui. Kama ulishona uso na vikwembe vipya ambavyo havijafuliwa hata mara moja, kisha ukatia mgongo wa manyoya, siku ya kwanza ya kufua uso utapungua na mgongo utabaki na ukubwa wake. Utavimba katikati kama magoti ya suruali ya zamani. Wale waliofua vikwembe mbele ya kukata, vema. Wale ambao hawakufua wafue uso mzima sasa, polepole, katika maji ya vuguvugu, mpaka maji hayatoki tena na rangi, halafu waukaushe na kuupiga pasi. Pasi mnaipiga sasa, uso ukiwa peke yake. Nyuma ya hapo pasi inakwisha, nitaeleza chini.

Pili, kukata mgongo. Tunaukata mkubwa kuliko uso, sentimetre 5 zaidi kila upande, maana yake 100 kwa 120. Usikunje kitambaa mara mbili ili ukate upesi, kitakwenda upande. Kitandike kimoja, manyoya chini, chora na chaki juu ya mgongo wake, kisha kata ukifuata chaki. Tafuta pia njia ya manyoya: pitisha kiganja, upande mmoja yanalala, upande mwingine yanapinga. Tupange yalale kuelekea miguu ya mtoto, ndivyo mkono wa mama ukimpapasa unakwenda nayo.

Makasi yakipita, manyoya yanaruka kama unga kinuni. Mutafunga kitambaa puani. Kipande kikiisha kukatwa, kipelekwe inje na kukung’utwa, mbali na wale wanaoshona. Mashini nayo itakula manyoya haya: kila blanketi ikimalizika, fungua kile kibati kilicho chini ya sindano, safisha kwa brashi, tia tone moja la mafuta. Nasema jambo hili kama mkuu wa wanafunzi kwa sababu ninajua ni nani anayeitwa siku mashini ikikataa.

KULAZA NA KUSHIKISHA

Fagia sakafu ya simenti, ipanguse na maji, acha ikauke. Tandika mgongo, manyoya yakitazama chini. Mutu wa pembe hii na mutu wa pembe ile wasivutane! Kitambaa hiki kikivutwa kinakubali, kinakuwa kikubwa na kizuri machoni, lakini nyuma ya kushonwa kinarudia ukubwa wake na kukokota uso mzima. Kilaze tu, kisawazishe kwa kiganja, weka kijiwe safi pembeni. Wengine wanakiacha hivyo nusu saa mbele ya kuendelea, nami naona ni desturi nzuri.

Sasa habari ya pamba ya katikati. Blanketi nyingi za vipande zina vitu vitatu: uso, pamba katikati, na mgongo. Sisi hatutatia pamba. Manyoya yenyewe yanashika hewa, na hewa ndiyo inayoleta joto. Ukiongeza pamba blanketi inakuwa nzito, inachelewa kukauka, na mtoto anatoka jasho. Usiku wa milima ya Kivu uko na baridi, hilo kweli. Ziwa lenyewe liko mita 1 460 juu ya bahari, na vijiji vingi viko juu kupita ziwa. Lakini mtoto wa kwetu amelala karibu na mama yake, hayuko peke yake katika chumba kama mtoto wa Ulaya. Tabaka mbili zinatosha.

Laza uso juu ya mgongo, rangi zikitazama juu. Anza katikati, sukuma hewa kuelekea pembeni, tia pini. Tena katikati, tena pembeni. Ukianza pembeni utafukuza makunyanzi mpaka katikati, na huko hayana fasi ya kutokea. Kiisha pini, piga bandi na uzi wa rangi mbalimbali, mistari ya mkono yenye hatua kubwa, kila sentimetre 20. Kuna wanaosema bandi ni kupoteza wakati. Kwa vikwembe viwili pengine ni kweli. Kwa manyoya, bandi ndiyo inayofanya kazi, mashini inafuata tu.

Ukishona na mashini, mambo manne. Sindano iwe mpya, namba 90, yenye ncha ya duara kama unaipata. Urefu wa hatua uwe milimetre 3 au 3 na nusu, kwa sababu hatua ndogo zinazama ndani ya manyoya na kukunja kitambaa. Punguza mkazo wa mguu wa mashini. Tena kitambaa cha manyoya kiwe chini, upande wa meno ya mashini, na kikwembe juu. Sababu gani? Sababu meno yanasukuma tabaka ya chini. Kile kinachonyumbuka kinasukumwa na kukusanywa polepole, lakini kikiwa juu mguu unakibana na kukinyosha mbele yake. Jaribu kwanza juu ya mabaki mawili, utaona tofauti kwa macho yako.

Shona ndani ya mifereji, pale vipande viwili vinapokutana, kutoka katikati kwenda inje. Mfereji mmoja kila vipande viwili unatosha, maana yake kila sentimetre 20. Usijaze blanketi mistari kama daftari. Ikishonwa kupita kiasi inasimama kama kartoni. Katika nchi nyingine wanafunga mafundo ya uzi mzito badala ya kushona mistari. Hiyo ni kazi ya upesi, lakini kwa mtoto mchanga mimi siikubali. Mtoto anaingiza kila kitu kinywani, na fundo likitoka hajui kulitema. Hivyo hivyo vifungo, shanga na maua ya kubandika: hata kimoja, hapana.

PINI 80

Hapa nasimama kidogo, maana jambo hili ni kubwa kuliko uzuri wa mshono.

Pini iliyoanguka juu ya kikwembe inaonekana. Pini iliyoingia katika manyoya haionekani, na mkono ukipita juu unaweza kuikosa, kwa sababu inalala na manyoya. Halafu blanketi inakunjwa, inapelekwa, mtoto analazwa juu yake. Mutu mukubwa akichomwa anapiga kelele na kutazama. Mtoto mchanga analia, na kila mtu anafikiri ana njaa.

Basi tutahesabu. Mzunguko wa blanketi ni mara mbili ya 90 na 110, yaani sentimetre 400. Pini moja kila sentimetre 5 ni pini 80. Mbele ya kuanza, mshonaji atahesabu pini katika kibweta na kuandika idadi juu ya karatasi pamoja na jina lake. Akimaliza atahesabu tena. Ikikosekana moja, blanketi haitoki mezani. Hakuna kusema “labda ilianguka chini ya benchi”. Tutatafuta chini ya benchi, na tutapitisha pia sumaku juu ya manyoya, pande zote mbili. Spika ya radio iliyokufa iko na sumaku yenye nguvu, tunayo moja katika chumba cha fizikia. Inavuta pini za chuma, lakini za shaba haizivuti, kwa hiyo pini za shaba tuziweke mbali na kazi hii.

Pini zikiwa chache, pembeni tunaweza kutumia vibanio vya kuanikia nguo. Vinashika vizuri, havitobooi, na hakuna anayeweza kukisahau kibanio ndani ya blanketi.

UKINGO

Kuna njia mbili, nami ninapenda ya pili.

Ya kwanza ni ya foronya. Katika njia hii hupigi bandi katikati kwanza, wala mistari haishonwi bado. Unalaza mgongo, manyoya yakitazama juu, na uso juu yake, rangi zikitazama chini, yaani nyuso mbili zinabusiana. Unashona kuzunguka, unaacha mlango wa sentimetre 20, unapunguza pembe nne na ile sehemu ya manyoya iliyozidi, unageuza yote kupitia mlango, unafunga mlango kwa mkono. Kiisha unapita tena juu, sentimetre 1 kutoka ukingo, ili blanketi ilale, na mistari ya katikati inafuata. Ni njia ya upesi. Ubaya wake, pembe zinakuwa nene kama vidole, na mgongo ukiwa umekwenda upande, unagundua tu baada ya kugeuza.

Ya pili ni ya utepe. Tabaka zimekwisha kushikishwa na kushonwa katikati, sasa unakata mgongo uliozidi ili ulingane na uso. Usiukate mbele ya hapo, hata kama unakusumbua mikononi. Utepe unakatwa katika kikwembe, upana wa sentimetre 6. Urefu unaohitajika ni 400 za mzunguko na 30 za pembe na za kuunganisha, yaani 430. Kikwembe chenye upana wa 115 kinatoa utepe wa 115, kwa hiyo tepe 4 ni 460, toa sentimetre chache za viungo, inatosha. Viunganishe kwa mshazari ili unene usikutane mahali pamoja. Kunja utepe mara mbili kwa urefu, piga pasi, na hapa pasi inaruhusiwa maana utepe bado uko peke yake.

Shona kingo za utepe zilizo wazi juu ya uso, sentimetre 1 ndani. Ukikaribia pembe, simama sentimetre 1 mbele ya mwisho, kata uzi, kunja utepe juu kisha chini, endelea upande wa pili. Halafu unageuza utepe nyuma na kuumalizia kwa mkono. Kazi ya mkono hapa ni tamu, kwa sababu manyoya yanaficha kila kitu. Lakini yanaficha pia udanganyifu! Sindano ikishika manyoya tu, mshono unaonekana mzuri leo na kesho unafunguka. Sukuma manyoya kando na ukucha, tafuta wavu wa chini, shika pale. Vuta kidogo: kitambaa kikifuata, umeshika. Manyoya tu yakifuata, rudia.

Vijana wanaopita dirishani na kucheka, wakisema kastabini ni pete ya wasichana, wahesabu siku moja mafundi wa soko wenye mashini za mguu. Wengi ni wanaume, na wanalisha nyumba zao.

HABARI YA PASI

Mama mmoja mkunga alikuja kutazama nyuso zetu nne. Akazifurahia, akashika kitambaa cha manyoya, akakipapasa, kisha akauliza: “Iko muzuri kabisa, banangu. Lakini pasi mutapika wapi?” Tulinyamaza wote. Ni ulizo la mutu anayejua kazi.

Wanafunzi wa biolojia wanamjua nzi anayeitwa Cordylobia anthropophaga. Wafaransa wanamwita mdudu wake ver de Cayor. Jike anataga mayai katika mchanga uliochafuliwa na mkojo, au juu ya nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au kutandikwa chini. Nyuma ya siku moja hadi tatu mayai yanaanguliwa, vidudu vidogo sana vinangoja. Vikiguswa na ngozi yenye joto vinaingia, na mtoto anatoka majipu mgongoni au matakoni, na ndani ya kila jipu muko funza mzima. Kidudu bila kupata ngozi kinaweza kuishi siku 9 mpaka 15. Ndiyo sababu mama zetu wanapiga pasi hata nepi, pande zote mbili, hata kwenye mishono. Wengine wanafikiri ni kutafuta urembo. Hapana, ni kuua mayai.

Sasa, kitambaa cha manyoya kinakataa pasi, na pasi ya makala haina kipimo cha joto. Kwa hiyo tukimpa mama blanketi ya namna hii bila kumweleza, tumemwondolea silaha yake na hatukumpa nyingine.

Tulibishana siku mbili katika chumba cha ushonaji. Wengine walisema tuache manyoya kabisa. Wengine walisema mama zote wanayapenda, na si kila fasi nzi huyu yuko mwingi. Pande zote mbili zina haki, basi tumekata hivi: blanketi mbili zitapata mgongo wa manyoya na kubaki kwenye maternite, ambako wanaanika ndani ya chumba chenye wavu madirishani. Kati ya mtoto na mtoto zitafuliwa. Mbili nyingine zitapata mgongo wa flaneli ya pamba na kwenda nyumbani na wenyewe. Flaneli si laini kama manyoya, lakini inakubali pasi ya moto. Ifuliwe mara mbili mbele ya kukatwa, maana flaneli inapungua sana.

Na kama mama anayo tayari blanketi ya manyoya nyumbani? Aifue kwa maji baridi au ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila javeli. Asiikamue kwa kuisokota. Aianike juu ya kamba, juani kabisa, mbali na majani na udongo, aigeuze, aiingize mbele ya jioni. Kitambaa hiki hakinywi maji mengi, kinakauka upesi kuliko pamba. Kama mvua imemlazimisha kuanika kivulini inje, au imeanguka chini ikiwa mbichi, aiweke kando majuma matatu mbele ya kumpa mtoto. Kuweka kando ni vigumu kwa mtu mwenye blanketi moja, najua. Ndiyo sababu flaneli ni bora kwa nyumba nyingi.

MTOTO ATAITUMIA WAPI

Jambo la mwisho, tena linawahusu pia wale ambao hawashoni lakini wana ndugu wadogo nyumbani.

Tangu mwaka 1992 madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asilazwe kifudifudi, na siku hizi wanasema wazi: chali, kila mara anapolala. Wanashauri pia mtoto asiyefikisha miezi 12 asiwekewe blanketi laini iliyo wazi mahali anapolala peke yake, kwa sababu inaweza kumfunika pua naye hana nguvu ya kuitoa. Manyoya yanayoleta joto ndiyo yanayoziba pumzi. Kwa hiyo tusimfunike mtoto mpaka kichwani na kumwacha chumbani, tukisema amelala vizuri, hatoi hata sauti.

Blanketi yetu ina kazi nyingine nyingi. Juu ya mgongo wa mama, inje ya kikwembe cha kubebea, asubuhi ya baridi, kichwa cha mtoto kikiwa wazi. Juu ya magoti wakati wa kunyonya. Chini juu ya mkeka, mtoto akiwa macho na mtu akimtazama, ajifunze kuinua shingo. Kwa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, mdogo sana, blanketi si dawa ya kwanza. Madaktari wa Bogotá katika Kolombia walianza mwaka 1978 kumlaza mtoto wa namna hii kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo imekubaliwa pote, wanaiita ya kangaroo. Pale blanketi inakuja juu ya wote wawili, na joto linatoka kwa mama.

TANGAZO

Chumba cha ushonaji kitakuwa wazi Jumanne na Alhamisi nyuma ya masomo, mpaka saa kumi na moja. Kila blanketi itakuwa na watu watatu: mmoja wa darasa la sita, wawili wa madarasa ya chini. Tunahitaji bado: flaneli metre 2 na nusu, uzi mweupe, vibanio vya nguo 30, na sindano za namba 90. Mwenye mabaki ya kikwembe ya kutosha kwa utepe ayalete yakiwa yamefuliwa. Ndani ya kila blanketi itakayotoka tutatia karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa namna ya kuifua na kuianika. Karatasi hiyo itafungwa kwa uzi, isishikishwe na pini.